Shada la "Pumzika Mama" lililoletwa kwenye matanga ya Baba

Admin, jina langu libaki kwako, maana ndugu zangu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Shauri Moyo, siku hizi naishi Baba Dogo na mume wangu. Jambo hili lilianza mwishoni mwa miaka ya tisini, tulipofiwa na baba yetu, mfanyakazi wa reli.

Kaka yangu, nimwite Wekesa, alikuwa Amerika na hakuweza kurudi kuzika. Alikuwa ameondoka nyumbani vibaya. Mama alimkataa msichana ambaye Wekesa alitaka kumwoa, wakarushiana maneno mlangoni majirani wakisikia, na tangu hapo akipiga simu aliongea na Baba peke yake. Basi akanipigia kazini: "Sista, nimeagiza maua kwa kompyuta. Ni watu wa hapo hapo Nairobi, nimeona picha ya duka lao. Watawaletea mpaka mlangoni." Mimi kompyuta nilikuwa naiona kwa meneja tu. Nikamshukuru.

Asubuhi ya kusafirisha mwili kwenda Bungoma, jeneza likiwa nje na watu wakiimba, pikapu ikasimama. Dereva akashusha shada kubwa la mawaridi meupe, akaliweka juu ya jeneza, akaondoka. Nyimbo zikakatika upande mmoja, kisha upande wa pili. Utepe ulikuwa umeandikwa: PUMZIKA KWA AMANI MAMA. Na mama yetu ameketi pale, mzima, anautazama.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Shangazi akajibu kabla sijamzuia: "Ya Wekesa."

Mama hakulia. Aliinuka, akautoa ule utepe mwenyewe, akaukunja, akaingia nao ndani. Tukamzika Baba. Kabla ya mwaka kuisha tukamzika na yeye. Daktari alisema ni moyo, baba wadogo wakasema ni utepe. Wekesa akaambiwa asikanyage boma. Kwenye simu aliniapia kwamba aliandika Baba, kisha akaniuliza, "Na hayo maua, sista, si ni wewe uliyapokea?" Kumbe na yeye ananishuku mimi!

Nikaenda kulitafuta lile duka. Anwani aliyonipa ilikuwa ya jengo moja mjini. Ghorofani nikakuta chumba kitupu, meza, simu na mwanamume mwenye tai. Hakuna ndoo ya maji, hakuna hata jani chini.

"Maua yako wapi?"

"Madam, sisi tunapokea oda kutoka ng'ambo, tunampa fundi."

"Fundi gani?"

"Hiyo siwezi kukuambia. Na utepe tunaandika tulicholetewa." Akanifungulia mlango nitoke.

Nikaanza kuuliza wafunga mashada, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikamfikia Mama Mwende, Mkamba aliyefungia maua kando ya barabara ya kwenda Gikomba. Nilikuwa nikimpita kila siku! Nilipomweleza akashika kichwa. "Hayo ni yangu. Huyo wa mjini hunipigia kwa simu ya duka la jirani. Siku hiyo alitaka mashada mawili ya kufanana, moja la Baba, la Shauri Moyo, na lingine la Mama, la Dandora. Nikayapakia yote kwa pikapu yake. Woi, dadangu, mngekuja kwangu ningewaletea kwa mkono."

Niliwaeleza baba wadogo. Mmoja akacheka: "Sasa muuza maua atakuambia ni yeye alikosea?" Neno hilo liliniingia. Ni kweli, Mama Mwende alimtegemea yule wa mjini kupata oda, huenda alikuwa akiificha aibu ya mkono wake. Au Wekesa, akiwa na hasira zake, aliandika alichoandika. Nilirudi mjini nikakuta chumba kimefungwa. Nilizunguka makanisa ya Dandora nikiuliza, wakaniona mwendawazimu.

Sasa Mama Mwende ameshafariki. Wekesa ni mgonjwa, na Desemba anakuja. Anataka kulala kwangu, kisha nimpeleke Bungoma asimame kwenye kaburi la Mama. Baba mdogo aliyebaki ameniambia nikimpeleka, mlango wa boma utafungwa na kwangu pia. Mume wangu anasema niache ya kale. Juzi Wekesa akaniambia ameshaagiza maua ya Mama. Nikamuuliza wapi. "Mtandaoni, sista, ni watu wa hapo hapo." Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia afute hiyo oda, nitaenda mwenyewe kwa wafunga mashada wa Shauri Moyo, nisimame hapo utepe ukiandikwa.

Nyinyi mnaosoma, kama mlimzika mama yenu Dandora miaka ile, na likaja shada la mawaridi meupe limeandikwa Baba, tafadhali mwambieni Admin. Na kama hakuna atakayejitokeza, nipeni neno: nimpeleke ndugu yangu kaburini hivi hivi, bila kujua? Mngekuwa mimi mngefanyaje?