Bibi Mwanne Katika Katuni ya Mizimu

Huwezi kuishi Chemchem, hapa Tabora, ukawa hujaisikia sauti ya Tekla. Kila Jumamosi alasiri, spika iliyo juu ya mlango wa banda lake la video huanza kukoroma, na watoto wa mtaa mzima huacha walichokuwa wakifanya, hata kama ni kula. Tekla ni mtafsiri wa filamu. Wahusika wanasema Kiingereza, naye ameshika maikrofoni anawasemea kwa Kiswahili: mfalme ana sauti yake, punda ana yake, na mlango ukijibamiza wenyewe Tekla huwahi kucheka kabla watoto hawajalia.

Alizaliwa Ziba, kwa wafugaji. Kiingereza alikiokota jikoni kwa masista, alikopika miaka tisa, na kanda zake za kwanza aliazimwa na Hetal, mwenye duka mjini, aliyemwambia kuwa mtu mwenye kicheko kama kile asizeekee kwenye kuosha masufuria. Sasa ana miaka hamsini na saba. Wazazi wanamheshimu kwa ajili ya daftari lake. Kila filamu huitazama mara mbili kabla ya kuionyesha, akaandika ukurasa mmoja uzuri wake na wa pili kasoro zake. Mzazi akiuliza kama mwanawe aje, husomewa kurasa zote mbili, tena bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mazoea yake mengine ni majina. Wahusika wote huwapa majina ya Tabora, na lililopendwa kuliko yote lilikuwa Bibi Mwanne. Mwenyewe alikuwa jirani, bibi mwenye maneno, na kiti chake cha kamba kilikaa mbele kabisa. Akiingia tu, anakohoa, kisha anauliza, "Leo umeniweka nani, Tekla?" Alishakuwa malkia, kamanda wa polisi, mwizi wa benki, na siku moja nyangumi. Ubavuni pake alikaa mjukuu wake wa miaka minane, Mwanne mdogo, aliyepewa jina la bibi yake. Waliitana somo.

Bibi Mwanne alifariki mwanzoni mwa mwaka. Wiki moja baada ya arobaini yake, Tekla alipata katuni ya mizimu, ya kutazamwa na familia nzima. Akafungua daftari. Uzuri: nyumba ya kale imechorwa mpaka unahisi vumbi puani. Hofu yake ni ya kiasi, mtoto atamshika mwenzake mkono kisha watacheka. Mzimu wenyewe ni bibi kizee anayejificha kabatini na kuiba maandazi, anapendeza. Kasoro: nyimbo zimezidi, katikati hadithi inazurura, na mwisho ni wa haraka mno. Wenye nyumba wanamtoa bibi kwa taa na makelele kama mwizi, wala hakuna anayemuaga.

Kasoro hiyo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaipigia mstari. Kisha, kwa mapenzi matupu, akampa mzimu yule jina la Bibi Mwanne, maana asingeweza kumwacha nje ya filamu hata moja. Mapenzi nayo yana upofu wake.

Watoto walicheka tangu mwanzo. Mwisho ulipofika, Tekla alikuwa amepamba moto. "Toka, Bibi Mwanne!" alinguruma kwenye spika. "Toka! Hii si nyumba yako tena!" Taa zilipowashwa, Mwanne mdogo hakuwepo kwenye benchi.

Jumatatu alikuja Mustafa, baba wa mtoto. Hakuja kugomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mtoto hataki kuitwa jina lake," alisema Mustafa. "Mwalimu akiita, haitiki. Nyumbani ndiyo usiseme. Eti tukilitaja bibi atasikia, atataka kurudi, na sisi tumeshamfukuza."

Tekla aliketi chini. Angeweza kusema ni katuni tu, na watu wengi wangesema hivyo. Yeye aliona haya, na haya zilimwuma.

"Nimekosa mimi," alisema. "Jumamosi niletee mtoto. Mwambie Tekla ndiye aliyekosea, wala hakuna aliyemfukuza bibi yake."

Jumamosi watoto walikuta kiti cha kamba kimerudishwa mbele, kitupu. Mwanne mdogo aliingia ameshika mkono wa baba yake, akakaa benchi la nyuma. Katuni ilikuwa ileile, na maandazi yakaibwa vilevile. Ilipofika pale wenye nyumba wanapotoka na taa zao, Tekla alishusha sauti.

"Leteni taa zote," alisema, "njiani kuna giza. Bibi yetu anaondoka. Mgeni tu husindikizwa hadi barabarani, sembuse bibi? Bibi Mwanne, umetulea vizuri. Nani bado hajamuaga?"

Picha hazikubadilika hata moja. Watu walewale walipunga taa zilezile, ila sasa walikuwa wakisindikiza. Karibu na lango yule bibi wa katuni aligeuka nyuma kidogo, kama alivyogeuka wiki iliyopita bila mtu kumwona.

Mbao za benchi la nyuma zililia. Mwanne mdogo alikuwa amesimama.

"Shikamoo, bibi."

Tekla hajawahi kusimamisha filamu katikati. Huona ni kuwakosea adabu watazamaji. Lakini salamu haiachwi hewani. Alibonyeza kitufe, bibi akabaki langoni amegeuka, na kwenye spika ikatoka sauti ambayo Chemchem nzima iliijua, kavu, yenye kikohozi mwanzoni.

"Marahaba. Ni nani huyo anayeniamkia?"

Mustafa aliinamisha kichwa. Mtoto aliuachia mkono wa baba yake.

"Ni mimi, somo," alisema. "Ni Mwanne."