Gari la Mguu Mmoja

Kaka yangu alikatwa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha malori ya mifugo kati ya Moyale na Nairobi tangu mimi nikiwa mtoto. Aliporudi nyumbani Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, na magongo mawili, alikaa mlangoni karibu mwezi mzima akitazama barabara. Kisha siku moja tukinywa chai akasema:

"Gari ya auto inataka mguu moja tu. Na mimi niko na moja."

Shemeji aliweka kikombe chini akamtazama. Mimi nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Gari lisilo na klachi halina kazi yoyote ya kuupa mguu wa kushoto. Wa kulia ndio unaokanyaga mafuta na ndio unaokanyaga breki.

Alitaka gari dogo la teksi, la kubeba wagonjwa na akina mama wajawazito kuwapeleka hospitali. Aliuza ngamia wake wawili wa mwisho. Pesa hizo zilitosha gari moja kuukuu; hazikutosha kukosea. Kazi ya kulitafuta akanipa mimi.

"Wewe umefanya kila kazi na hujamaliza hata moja," aliniambia. "Hii maliza."

Hakunionea. Shule niliiacha darasa la sita. Nimekuwa turnboi wa malori, nimechonga mawe, nimeziba pancha Lodwar na kuosha magari Garissa. Nikichoka na mahali naondoka. Kitu kimoja tu sichoki nacho, kuuliza maswali. Kwa hivyo, kabla ya kutazama gari lolote, nilikaa wiki nzima kwenye gereji ya fundi mmoja mjini, juu ya tairi bovu, nikimuuliza kuhusu giaboksi za otomatiki mpaka akatishia kunimwagia oili chafu.

Gari la kwanza lilikuwa la mfanyabiashara wa miraa. Fundi alikuwa ameniambia nilikute gari likiwa baridi, maana giaboksi iliyochoka huficha ugonjwa wake ikishapata moto. Nilifika asubuhi.

"Salaam aleikum. Umeiwasha leo?"

"Aleikum salaam. Walahi, imelala tangu jana."

Niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Imelala na homa?"

"Warya, wewe, unanunua gari ama unaoa?"

Kila mtu wa soko letu la mifugo anamjua mbuzi aliyelambishwa chumvi ili anywe maji mengi, tumbo lijae, aonekane mnono mbele ya mnunuzi. Gari hili lilikuwa mbuzi wa namna hiyo. Nilirudi kesho yake alfajiri, nikamngoja mwenyewe atoke kuswali. Nikawasha, nikakanyaga breki, nikaweka gia kwenye D. Hakuna kitu. Nilihesabu mpaka nne ndipo gari likashika, kwa teke kama la punda.

La pili nilivuta kijiti cha kupimia mafuta ya gia, nikanusa. Yalinuka kama chakula kilichoungua, na rangi yake ilikuwa ya kahawa. Hilo nililiacha hata bila kuliwasha. La tatu lilikuwa zuri mjini, lakini nilipolipandisha mlima wa kwenda Meru likaanza kuteleza, injini inalia na gari haliendi.

Hapo ningesema tu kwamba nilikuwa mwangalifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia. Sijawahi kufanya kazi iliyonifaa hivyo. Watu walianza kuniita mjini niwatazamie magari yao, na mimi naenda, naingia chini, nanusa, natoka na vumbi mgongoni nikijisikia daktari. Kulikuwa na gari moja ambalo kosa lake lilikuwa mpira tu wa kushikilia injini, kitu cha kubadilishwa kwa nusu siku. Hilo nalo nililikataa. Nilitaka lisilo na kosa.

Kila jioni kaka alinisubiri mlangoni.

"Leo?"

"Bado."

Mwezi wa mfungo ulikuja, ukaisha. Yeye hakufunga, kwa sababu ya dawa.

Siku moja baada ya Idi tulikuwa tukitoka msikitini, yeye na magongo yake mbele, mimi nyuma. Ndara ilimtoka mguuni akaendelea kwenda. Alitembea kwenye changarawe ile ya moto hatua kumi na kitu.

"We, umeacha kiatu nyuma!" nilimwambia nikicheka.

Akatazama chini, akasema, "Kumbe," akacheka pia. Shemeji alikuwa ameniambia wiki iliyotangulia kwamba mguu ule umekuwa kama mti, akiuosha hashtuki hata maji yakiwa ya moto. Nilimjibu kwamba akianza kazi damu itatembea. Sijui nilitoa wapi jibu hilo. Mimi ninayeuliza kila kitu, hapo sikuuliza.

Gari la mwisho lilikuwa la muuguzi mstaafu, mama wa Kimeru aliyekuwa na shamba dogo palepale Burat. Lilikuwa jeupe na mkwaruzo mmoja mlangoni. Nililikuta baridi. Gia ilishika papo hapo, kimya. Mafuta yake yalikuwa mekundu, safi. Nililipandisha mlima, nikalirudisha, nikalizima, nikaliwasha tena. Nililitafutia kosa siku mbili nzima nikakosa.

Nikamleta kaka. Alikuwa amevaa shati lake la safari za Nairobi, limepigwa pasi.

"Habari yako, dereva," alisema muuguzi.

"Nzuri, sista. Leo utaona kazi."

Muuguzi alisema tujaribu kwanza uwanjani, pasipo na watu. Akaketi nyuma, mimi mbele. Kaka alishika usukani, na nakwambia uso wake ulirudi kama ulivyokuwa zamani. Tulizunguka uwanja mara mbili. Alikuwa anapiga mluzi.

"Haya, simama pale kwa goli," nilimwambia.

Injini ikanguruma. Gari likaruka mbele.

"Breki! Breki!"

"Si nimekanyaga!"

Alikuwa amekanyaga mafuta. Nilisukuma gia ikaingia kwenye N, gia huru, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili, tukaingia ndani ya ua wa miiba ulio ukingoni mwa uwanja, tukasimama. Injini ilikuwa bado inalia. Alikuwa bado amekanyaga. Akainama kutazama mguu wake, kisha akaushika gotini kwa mkono, akauinua kutoka pale ulipokuwa.

Muuguzi alishuka, akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye miiba. Akamvua ndara. Akachomoa kalamu mfukoni.

"Funga macho. Nikigusa, sema."

Kaka akafunga macho. Muuguzi aligusa kidole gumba, akagusa katikati ya unyayo, akabonyeza kisigino mpaka ngozi ikaingia ndani. Kaka alikuwa anangoja.

"Anza basi, sista," alisema.

Muuguzi alinitazama mimi, si yeye. Chini ya kidole kidogo palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

"Gari yangu siwezi kukuuzia, baba," alisema. "Utaua mtu. Na kesho asubuhi uko kliniki, mimi mwenyewe nitakupeleka."

Kaka hakutoka kwenye kiti. Nilisimama kando na magongo yake. Baadaye akaniuliza, bila kunitazama:

"Ile ya kwanza, ya mtu wa miraa, uliikataa lini?"

"Kabla ya mfungo."

"Wakati huo nilikuwa nasikia."

Kliniki walisema ganzi ya namna hiyo huja polepole, miaka na miaka, na kwamba huenda hata wakati huo hakuwa anasikia vizuri. Nilimweleza. Akaniambia ninyamaze.

Pesa za ngamia zinaishia kwenye dawa na bandeji. Sijaondoka Isiolo. Kila asubuhi natia maji kwenye beseni, nayapima kwa kiwiko kama alivyonionyesha muuguzi, kwa sababu kaka hawezi kuniambia kama yanachoma. Kisha nauinua ule mguu juu ya paja langu na kutazama kati ya vidole, kimoja kimoja. Kidonda hakijafunga. Yeye anageuza uso, anatazama barabara.