Muhtasari wa Kikao cha Ukoo

Nina steshenari ndogo mtaani Cheyo, na sioni haya kusema kwamba sheria nimeisomea kwenye printa. Makarani wa mawakili huniletea hukumu za kuchapa, nami nasoma karatasi zikitoka: aliyefukuzwa kazi bila barua, aliyeachiwa huru katika kesi ya ng'ombe, majirani waliogombea mpaka. Nikanogewa. Siku hizi natafuta hukumu mpya kwenye simu kabla sijafungua duka. Wateja wananiita jaji wa wino.

Baba alipofariki, utani uliisha. Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa, mkulima wa tumbaku wa Kaliua, alitangaza kwamba nyumba ya Cheyo ni ya ukoo na mama arudi kwao.

"Binti ni wa kuolewa, hasimamii mji," alisema akinitazama, mama akiwa palepale, bado na kanga ya msiba. Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo sijaitubu.

Nikaenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Karani akataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwetu karatasi hiyo ndiyo mlango: ukoo unakaa, unamteua mtu, unaandika, unatia saini. Na mwenye kuita kikao ni baba mkubwa. Nilimpigia simu. Mara tumbaku haijavunwa, mara iko kwenye mabani inakaushwa, mara soko halijafunguliwa. Huku nyuma, watu nisiowajua walikuja kupima uwanja wetu kwa futi kamba, mama akipepeta mchele. Walimpita bila hata salamu.

Ndipo nikakumbuka hukumu moja niliyowahi kuichapa. Jaji alisema muhtasari huo ni desturi njema, lakini si sharti la sheria. Ukoo hauwezi kumfungia mrithi nje kwa kugoma kukaa. Nikatoa nakala tatu, nikarudi mahakamani.

"Muhtasari uko wapi?" hakimu aliniuliza.

"Ukoo umegoma kukaa, mheshimiwa. Naomba usome hii."

Alipekua kurasa zake. "Una hakika haijatenguliwa?"

Swali hilo lilinigusa pabaya. Niliwahi kumpa jirani hukumu ya mpaka iliyokwisha kutenguliwa kwenye rufaa, akaaibika mbele ya baraza, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo sishiki hukumu bila kuifuata mpaka mwisho wake.

"Nimeifuatilia hadi Mahakama ya Rufani, mheshimiwa. Haijaguswa."

Tangazo la ombi langu likabandikwa. Siku ya shauri baba mkubwa alifika na koti lake la kanisani, akapinga kwa neno moja tu: kikao hakijakaa. Hakimu akamuuliza nani alipaswa kukiita. Nikateuliwa mimi.

Wiki iliyofuata, tumbaku ya msimu mpya ikiwa bado mbichi shambani, baba mkubwa akaita kikao. Ajabu ya Mungu! Wazee wakajaa sebuleni kwa mama.

"Nani ataandika?" akauliza.

Nikachukua kalamu. Niliandika ajenda moja: mama haondoki. Wakabishana mpaka chai ikapoa, nami sikufuta hata herufi. Nilipomaliza, nikamsogezea karatasi, nikapiga goti kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Saini yako inakaa hapa."