Nilichora uzio getini, watoto wakawa wanatokea nyuma kwenye reli (Namuwongo, Kampala)

Wakuu, habari za humu.

Haya sikuhadithiwa, yamenikuta mwenyewe. Kuna sehemu zinaniaibisha na nitaziandika hivyo hivyo.

Mimi ni Mkenya, niko Kampala mwaka wa sita. Nilikuwa kwenye kampuni moja ya boda za kupeleka mizigo, ofisi Naguru, kule juu kwenye upepo mzuri. Kazi yangu ilikuwa geofence. Yaani unachora uzio kwenye ramani ya kompyuta, tuseme kuzunguka shule. Boda ikiingia humo, simu ya dereva inalia na mwendo hautakiwi kuzidi thelathini.

Nilijiona engineer wa maana kabisa.

Namuwongo kuna shule ya msingi karibu na reli. Niliichorea uzio safi mbele, kwenye geti.

Siku moja dereva wetu Okello, mtoto wa askari wa trafiki mstaafu kutoka Gulu, akaja ofisini na helmeti mkononi.

"Boss, fence yako iko upande mbaya. Watoto hawapiti kwa geti. Ukuta ya nyuma ilianguka, wanatokea kwa reli, wanaingia barabara mbio."

Nikamwambia si upunguze mwendo tu, nani kakukataza?

"Napunguza, boss. Lakini app nasema nimechelewa. Weka fence, ijue kwa nini naenda mpole."

Niwaeleweshe hapo. App ilikuwa inapiga hesabu ya muda kwa kufuata mwendo unaoruhusiwa. Ndani ya uzio inakupa dakika zaidi, nje haikuelewi. Ukichelewa mara kwa mara inakunyima oda. Madereva wengine walikuwa wanalia niwapunguzie uzio, yeye alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda polepole.

Nikasema nitashuka nikaangalie. Sikushuka. Akanikumbusha mara mbili.

Na Naguru hadi Namuwongo wala si safari, wakuu.

Wiki ya tatu jina lake likatokea kwenye orodha ya wachelewaji. Nikamwandikia, kwa mkono wangu huu: "Okello unatuangusha. Kaza kidogo."

Akakaza.

Siku mbili baadaye, saa za watoto kutoka shule, msichana mdogo akachomoka kule nyuma. Okello akamkwepa, akajipiga kwenye nguzo ya umeme. Mtoto hakuchubuka hata goti.

Okello tulimkimbiza hospitali ya Mulago. Madaktari walipambana naye siku mbili, akafariki.

Nilipofungua kompyuta, safari yake yote ilikuwa ya kijani. Mwendo hamsini, eneo la hamsini, hakuna kosa. Nililia pale pale mbele za watu.

Ndipo nikashuka Namuwongo. Nikaona ukuta ulioanguka na kijia kilichokanyagwa na miguu midogo. Nikarudi kuchora uzio. Ulinichukua dakika nne.

Msibani watu wakawa wananong'ona kwamba marehemu alizidi kukimbiza. Baba yake akanivuta pembeni.

"Kijana, wewe iko na kompyuta. Wanasema Okello alikuwa nakimbiza sana. Ni kweli?"

"Hapana, mzee. Mimi ndiye niliyemwambia akaze." Nikamsimulia yote, hadi ule ujumbe.

Mzee akasema, "Mimi nilifanya traffic miaka mingi. Kona yangu nilisimama kwa miguu yangu." Akarudi kukaa na wageni.

Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nilichojifunza ni hiki: dereva akikwambia mahali fulani ni pabaya, nenda siku hiyo hiyo. Anapita pale kila siku, wewe una picha tu kwenye kioo.

Mnaofanya kazi hizi, na ninyi wa boda, kama kuna mahali mmesema mkapuuzwa, patajeni hapa chini. Na mwenye neno kali kwangu aliandike tu, nitalisoma.