Kichwa Ndani ya Oveni

Siku mama mkwe wangu alipokuja kula kwangu kwa mara ya kwanza, alinikuta nimepiga magoti jikoni, kichwa kimezama ndani ya oveni, makalio yakimkaribisha.

Ningependa kusema natia chumvi. Sitii. Huku kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni ovyo, wala mama hali wala halali kwa mkwewe mpaka iwekwe siku maalum ya kumkaribisha. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na alitaka kitu kimoja tu: mamake atoke Angurai aje amwangalie akijifungua. Chakula cha siku hiyo kikiharibika, mama angerudi kwake, na nani angethubutu kumwita tena upesi?

"Chemsha tu hizo kuku," mke wangu aliniambia asubuhi. "Mama hana maneno mingi."

Nikakataa. Mimi ndiye niliyevusha ile oveni ya stima kutoka upande wa Uganda, mimi ndiye niliyejisifu mtaa mzima wa Burumba kwamba naoka kushinda hoteli. Nikasema mama atakula kuku wa kuokwa, tena kwa mkono wa mkwewe mwenyewe. Kiburi kilikuwa kimenipanda mpaka utosini.

Mama akafika, akaketi sebuleni na binti yake. Mimi nikajificha jikoni kama desturi inavyotaka. Muda si muda harufu ikabadilika. Nilipofungua, kuku walikuwa weusi juu, na nilipochoma paja kwa kisu, damu ikatoka. Nikapunguza joto, wakazidi kuungua. Nikawatoa. Nikakagua mpira wa mlango, mzima. Koili za juu na chini, zote nyekundu. Ndipo nikaiona ile taa ndogo inayopaswa kuzimika joto likitosha: haikuwa imezimika hata mara moja. Oveni iliamini bado ni baridi, ikaendelea kuchochea.

Nikazima stima ukutani, nikaacha mlango wazi ipoe, kisha nikaingiza kichwa na tochi ya simu. Kijiti cha shaba kinachopima joto hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kimesukumwa kikapenya kwenye tundu lake, nyuma kabisa, kusiko na joto. Sikuhitaji mpelelezi. Kwetu oveni ni kabati la sufuria, kama katika nyumba nyingi za mtaa huu, na mimi ndiye hushindilia karai la mwisho kwa nguvu. Nikaanza kukivuta kwa uma.

"Baba," sauti ikasema nyuma yangu. "Moshi imejaa huko mbele. Hiyo stima umezima?"

Nikaganda. Nikitoka, tutatazamana uso kwa uso. Nikibaki, anatazama nini? Nikabaki.

"Nimezima, mama," nikaiambia oveni.

"Kuku iko wapi?"

"Kwa meza, mama. Pole, mama."

Nikasikia kisu, maji, kiberiti. Mama alikuwa anakwangua weusi, anakata vipande, anateleka sufuria kwenye gesi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sidhani walikusudia mgeni ajipikie huku mwenyeji amejificha ndani ya oveni iliyopoa. Masikio yaliniwaka moto. Magoti yaliniuma, sikuthubutu kuyasogeza. Kijiti nilishakirudisha kwenye kishikizo chake, lakini nikajifanya bado nahangaika nacho mpaka nyayo zikaondoka na sahani.

Walipokuwa wakila, nilikaa nje nyuma ya nyumba. Nani aliwahi kusikia mkwe aliyepikiwa na mama mkwe siku ya kumkaribisha? Niliona aibu, lakini zaidi nilimwonea mke wangu huruma, maana ndiye angejifungua bila mamake kwa sababu ya majivuno yangu.

Hatimaye mke wangu akaja, amejishika kiuno, macho mekundu ya kucheka au ya kulia, sikujua.

"Mama amekula," akasema. "Amemaliza."

"Anaondoka saa ngapi?"

"Haondoki. Ameagiza nguo zake ziletwe. Anabaki mpaka nijifungue."

Nikashusha pumzi. Nikamuuliza amesema nini juu ya kuku.

"Juu ya kuku hajasema kitu. Amesema tu hawezi kuniacha hapa, hii nyumba haina mtu mzima."