Fundi Massoud na Magurudumu ya Sajini

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Nimepikia wanafunzi wa bweni kwa miaka ishirini na minane, na ukishapikia wanafunzi unazoea kuishi bila sifa, ya kupewa wala ya kutoa. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Massoud, fundi baiskeli wa barabara ya kumi na mbili pale Ngamiani, ni mtu mwema, ujue nimeshampima, na nimempima kwa shida zangu mwenyewe.

Massoud ni Mpemba. Baba yake alikuwa na mikarafuu michache na watoto wengi, ndipo yeye akavuka kuja Tanga akiwa na miaka kumi na tisa, kumfuata binamu yake aliyekuwa na banda la baiskeli. Binamu baadaye alirudi kisiwani, banda likabaki na Massoud, na mpaka leo lipo. Mji huu kila nyumba ina baiskeli, kwa hiyo kazi haijawahi kumkosa. Lakini kilichompa jina ni zile baiskeli za magurudumu matatu anazowaundia watu wasioweza kutembea. Mteja akija, Massoud humshika kwanza: magoti, mgongo, viganja. Hata gurudumu lililopinda hulizungusha amefumba macho, kidole kikigusa rimu. Anasema macho yake yana haraka, mkono wake una subira.

Nilimfahamu kupitia kwa marehemu mume wangu, Anold, aliyekuwa akipeleka baiskeli yake pale. Mbwa wetu Sajini alikuwa akimfuata nyuma, na Massoud alikuwa akimwomba Anold amfunge ng'ambo ya barabara kabla hawajaanza mazungumzo. Hakusema kwa ubaya, na Anold hakuchukia. Walikuwa wanaheshimiana hivyo, mbwa akiwa upande wa pili.

Anold alipofariki, miaka mitatu iliyopita, Sajini alihama kibanda chake cha uani na kulala mlangoni pangu. Sikumwita. Nilikuwa sijawahi hata kumpenda hasa. Kwangu alikuwa mbwa wa Anold, mimi nilimpikia tu. Lakini nyumba ikishabaki na mtu mmoja, hata pumzi za mbwa mlangoni zina maana yake. Nikaanza kumsalimia asubuhi.

Mwanangu Innocent, aliyeko Mwanza, akanitumia fundi wa kuweka marumaru nyumba nzima. Nikatamba hapa Chumbageni mpaka majirani wakachoka. Baada ya miezi michache Sajini akaanza kuteleza. Miguu ya nyuma ilikuwa ikimtawanyika, anakaa chini bila kupenda, na mimi nikidhani ni ukaidi wa uzee nikawa namfokea, siku moja hata nikamwonyesha mwiko. Nasema haya kwa aibu. Kumbe mbwa alikuwa anajitahidi kusimama kwenye sakafu ambayo hata mimi nilikuwa naipita kwa tahadhari ikiwa na maji.

Nilipoelewa, nilitandika magunia na mikeka kutoka mlangoni mpaka uani. Nikakata kucha zake. Sahani yake nikaiweka juu ya matofali mawili asilazimike kuinama. Ugali nikampunguzia, maana kila kilo aliyoongeza ilikuwa mzigo kwa nyonga zake. Nikawa nampitishia kanga chini ya tumbo, nainua kidogo, tunatoka pamoja kwenda kujisaidia kama mtu na mgonjwa wake. Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima.

Kisha asubuhi moja miguu ya nyuma ikagoma kabisa.

Bwana mifugo, kijana mmoja mpole anaitwa Timotheo, alikuja siku ya tatu, akamkagua kwa muda mrefu. Akasema moyo ni mzima, miguu ya mbele ina nguvu, tatizo ni mgongo na nyonga, na hayo hayatapona. Aliniachia dawa ya maumivu, akanikataza kabisa kumpa zile za watu. Nikamwonyesha vidonda vilivyoanza ubavuni kwa kulala. Akaniambia nimgeuze kila baada ya saa chache, nimtandikie godoro na nimweke mkavu.

"Utaweza kumgeuza, mama?"

Nina miaka sitini na mbili na Sajini ana kilo thelathini na kitu.

"Nakupa wiki mbili," Timotheo akasema. "Vidonda vikifika kwenye mfupa, utakuwa unamtesa tu. Jumamosi ya wiki ya pili nitakuja na sindano ya kumpumzisha. Nikimkuta anasimama, nitarudi nayo nilikotoka."

Nilimpigia Innocent, akasema, "Mama, huyo mbwa amefika mwisho, mwache aende." Alisema kwa huruma. Lakini yeye hakuwa anaona yale macho. Kichwa cha Sajini kilikuwa kizima, masikio yalikuwa yakisimama kila geti likilia, mkia ukipiga godoro kila nikiingia. Ni nusu ya mwili tu iliyochoka. Niliogopa kumuua kiumbe ambaye bado anataka kuishi, eti kwa sababu mimi sina nguvu ya kumwinua. Hilo ndilo lililonipeleka Ngamiani.

Massoud alikuwa anaziba pancha. Nikamweleza shida yangu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Innocent," akasema, "mie naunda baiskeli za watu wasoweza kutembea."

"Na huyu hawezi kutembea."

Akaifuta mikono yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Huyu ndo yule mbwa wa Anold?"

"Ndiye."

"Ntakuja Jumapili, nishasali adhuhuri."

Alikuja kweli, na penseli sikioni na kipande cha boksi cha kuandikia. Akasimama hatua nne mbali. Mimi ndiye niliyempitishia Sajini kanga tumboni, nikainua kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikapima kwa kamba, nafunga fundo, namtupia Massoud kamba, naye anapima na rula yake na kuandika. Kutoka nyonga mpaka chini. Kutoka bega mpaka mkia. Upana wa tumbo. Jasho lilinitoka. Sajini alifurahi kuona mgeni, na kila mkia ulivyotikisika Massoud alirudi nyuma kidogo, mpaka vipimo vilipoisha mgongo wake ulikuwa umegusa ukuta wa jirani.

Jumatano akaleta kigari. Kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo: magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, bomba jembamba lililochomelewa vizuri, kimepakwa rangi ya kijani. Akaniongoza kwa mdomo, nami nikamfunga Sajini mikanda.

Tako lilikwenda juu. Miguu ya nyuma ikaning'inia hewani, kichwa kikainama, mwili wote ukaangukia miguu ya mbele. Sajini akapiga hatua mbili, akaanguka kidevu chini, kigari juu yake. Akalia. Mbwa huyu hakulia siku miguu ilipomkatikia, lakini siku hiyo alilia.

Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. "Hili ni toroli la matofali," nikamwambia Massoud. "Angekuwa mtoto wa mtu ungemshika, ungemjua alivyo. Huyu unamkwepa kama kinyesi. Chukua chuma chako uende."

Massoud hakujitetea. Alisema, "Haya," akakifunga kigari nyuma ya baiskeli yake, akaondoka.

Kabla hata giza halijaingia nilikuwa nimeshajuta. Mtu amekuja kwa hiari yake kwa mnyama asiyemtaka, nami nimemfukuza kama mwizi. Lakini kiburi nacho ni ugonjwa. Alhamisi ikapita, sikwenda Ngamiani. Nikakaa na Sajini, nikamsafisha vidonda, nikamkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto, nikahesabu: imebaki Ijumaa, kisha Jumamosi.

Ijumaa asubuhi na mapema geti likalia. Ni Massoud, amevaa suruali ya kazi iliyochakaa, mkono mmoja dumu la maji, mkono mwingine kopo la siagi lililojaa udongo.

"Mize kanicheka," akasema, hajasalimia vizuri. Mize ni mkewe. "N'lipomhadithia, kaniuliza tangu lini nikapima watu kwa simu. Hesabu hino hainitoki kichwani, Mama Innocent. N'nafanya kazi hii miaka arubaini, sijapata kuunda kitu sikukishika."

"Na dini yako?" nikamuuliza. Sikutaka aje kunilaumu baadaye.

"Dini haijanikataza kumsaidia. Imenambia nioshe. Mara saba, mojawapo kwa udongo, na udongo huu hapa. Mie ndo n'lokuwa mvivu wa kuosha, nikajificha nyuma ya dini."

Akachutama. Akanyoosha mkono, akausimamisha hewani kidogo, kisha akauweka juu ya nyonga ya Sajini. Sajini alitulia, akamtazama tu. Massoud akafumba macho. Vidole vikatembea kwenye mifupa, vikashuka pajani, vikabonyeza goti, vikapanda mgongoni, kama ninavyomwona akilisikiliza gurudumu.

"Siku ile ulimwinua vipi?" akauliza. "Nionyeshe."

Nikapitisha kanga chini ya tumbo, nikavuta kwa nguvu zangu zote kama nilivyozoea. Miguu ya nyuma ya Sajini ikaachana na ardhi, shibiri nzima. Nikaiona. Massoud naye alifumbua macho, akaiona. Siku ile nilimpima mbwa aliye hewani, nikampa fundi kipimo cha mbwa aliye hewani, kisha nikamtukana kwa kuniletea nilichomwagiza.

Nilisubiri aseme. Ningekuwa mimi ningesema, na ningesema kwa sauti ya kufika kwa jirani.

"Mlegeze kidogo," akasema. Nikalegeza. "Kidogo tena. Basi, hapo. Nyayo zimegusa. Sasa kasimama mwenyewe."

Akapima kwa mikono yake, akaandika upya.

"Kosa lilikuwa langu, Bwana Massoud. Nisamehe na yale maneno."

"Lilikuwa la kamba," akasema, akaendelea kuandika.

Alipomaliza nilimmiminia maji. Akajisugua kwa udongo mpaka kwenye viwiko, kisha akaosha, mimi nahesabu naye kwa sauti mpaka saba. Akaenda kwake kuoga na kubadili nguo awahi sala ya Ijumaa.

Jumamosi saa mbili alikuwa amerudi. Kigari kilikuwa kimekatwa miguu, kimeshuka, na pale pa kukalia nyonga ameweka mpira wa tyubu alioujaza sponji ili usimchubue. Mikanda ilikuwa ya gari, mipana. Alikuwa anakaza nati ya mwisho pikipiki ya Timotheo iliposimama nje. Kijana akaingia na begi lake, akalitua barazani. Nililiona lile begi, nikajua sindano imo.

"Tumjaribu kwanza," Massoud akamwambia, bila kumtazama.

Safari hii alimwinua yeye mwenyewe. Akamshika nyonga kwa mikono miwili, akamshusha taratibu kwenye mpira, mimi nikafunga mikanda. Nyayo za nyuma ziligusa ardhi. Mgongo ulikaa sawa. Sajini akasimama, akatugeukia kama anayetaka kuuliza jambo. Akapiga hatua moja. Magurudumu yakafuata. Akapiga nyingine, na nyingine, akavuka uani mpaka kwenye uzio wa michongoma, na pale akakojoa. Alikojoa kwa muda mrefu, amesimama.

Wiki mbili alikuwa akijikojolea alipolala, na kila nilipokwenda na kitambaa aligeuza uso asinitazame. Nililia, mwanamke mzima, kwa ajili ya mkojo wa mbwa. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na Mpemba wake aliyekubali kuchafuka, na nikamwomba Anold anisamehe ule mwiko.

Timotheo akachutama, akakagua vidonda, akapitisha kidole chini ya kila mkanda. Akasema nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, isizidi, kisha alazwe kwenye godoro, na kila siku nitazame kama kuna panapochubuka. Halafu akalichukua begi lake, akalifunga kwenye pikipiki bila kulifungua.

Sajini aligeuka, magurudumu yakilia kidogo kwenye kokoto, akarudi moja kwa moja kwa Massoud aliyekuwa amechutama akikusanya spana zake. Akaanza kumlamba mkono. Akaanzia vidoleni, akapanda kifundoni, akafika kwenye kiwiko, akarudi tena chini, kwa utulivu, kama mwenye kazi anayoijua.

Nilichomoka kukimbilia dumu na lile kopo.

"Subiri, Mama Innocent," Massoud akasema. Mkono wake hakuuondoa. "Akilamba mara moja, n'taosha saba. Akilamba mara mia, ni saba zile zile. Mwache amalize."

Nikasimama na dumu la maji mkononi, nikasubiri.