Pikipiki ya Masera Niliyoichagua Mimi

Tangu Jumapili ile napita njia ya nyuma nikienda kazini. Parokia yetu hapa Likasi ilitaka kumnunulia pikipiki masera Beatrice, mtawa muuguzi anayezungukia vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Nikajitwika kuichagua. Majuma matatu niliwahutubia wanakamati kuhusu pikipiki mbili za dukani: zote ni za silinda moja, ila hii ni ndefu na nyepesi, inaruka mashimo, ile ina tangi kubwa lakini itazama mchangani. Walichukua ile ndefu. Maneno yote hayo niliyaokota kwenye simu.

Baada ya misa, padri aliinyunyizia maji ya baraka, kisha akanipa mimi ufunguo, nizunguke uwanja mbele ya waumini. Nikapanda. Miguu ikatafuta ardhi bila kuifikia vizuri. Nikapiga kiki mpaka shati likalowa. Injini kimya.

Masera akainama, akageuza kitu kama bomba chini ya tangi, petroli ikaanza kushuka.

“Papa Kabeya, ulisahau kufungula robine ya esanse,” akasema kwa upole. “Weye ulisha kuendesha pikipiki hata siku moya?”

“Aa, masera!” mke wangu akajibu kutoka kwenye kwaya. “Huyu hata velo ya kukanyaga pedali hajue kuendesha!”